Shamba la mchanga mwisho wa kaskazi

Ukimuuliza mtu wa Malindi kazi ya shamba inaanza lini, mara nyingi atakwambia Aprili, masika yakishashuka. Mimi nasema Februari, jua likiwa utosini, kisima kimepungua na kuku wanahema midomo wazi chini ya mwembe. Sababu ni mchanga. Shamba langu liko upande wa Ganda, magharibi ya mji, na udongo wake ukiukamata unapenya katikati ya vidole. Mvua kubwa ikipiga usiku, asubuhi utaiona ardhi imelowa na moyo utafurahi. Ngoja siku mbili uchimbe: maji yashazama, na mbolea uliyoimwaga juu juu yameichukua. Ndiyo maana kila mwaka najiuliza mvua ikinyesha itakaa wapi, kabla sijauliza itanyesha lini.

Elimu yangu ya kwanza ya bustani sikuipata shambani. Niliipata kwenye nyumba moja ya ufukweni, upande wa Casuarina, nilikokuwa mtunza bustani wa mke na mume kutoka kaskazini mwa Italia. Walikuwa wakija Desemba na kuondoka karibu na Pasaka, kabla mvua haijawakuta. Yule mama alitundika jikoni kalenda ya bustani ya kwao, na kila mwezi ukigeuka alinisomea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Ukurasa wa Februari ulijaa kuliko zote. Kwao huo ni mwisho wa majira ya baridi: mizabibu, mitufaha na mawaridi hukatwa wakati bado imelala, kabla macho ya kuchipukia hayajaanza kuvimba. Mbegu za nyanya na pilipili husiwa kwenye trei ndani ya nyumba, karibu na dirisha, kwa sababu nje baridi ingeiua miche. Mboji hugeuzwa, zana hunolewa. Zote hizo ni kazi za kuwahi, jua la kuchipua likija likukute tayari.

Basi mwaka mmoja alitaka mawaridi yake ya Malindi yakatwe vilevile kalenda inavyosema. Tukayakata hadi magotini, Februari, jua la saa saba likiwaka. Vijiti vilivyobaki viligeuka vyeusi upande wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri, na baadhi havikuchipua tena. Mama wa watu hakulalamika. Alisimama pale na kofia yake ya ukili, akaniambia, "Kumbe hapa yalikuwa macho." Ni kweli. Baridi ya kuulaza mti Malindi haipo. Hapa mti hulazwa na kiu, na mti wenye kiu ukiuvua majani umeunyang'anya kivuli chake mwenyewe.

Lakini ile habari ya kuwahi ilinikaa kichwani. Nilipopata shamba langu nikaanza kupima: kazi ipi ya mwisho wa baridi ya kwao inafaa mwisho wa kaskazi yetu, na ipi ni ya kwao tu. Kugeuza mboji, kusia mbegu mapema, kunoa jembe, hizo zimehamia Ganda bila taabu. Mikasi ya kupogolea imebidi ijifunze adabu mpya.

Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi. Huu ndio upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Uarabuni, na kwa mkulima ni upepo mkavu: jani la mpapai likiwa kwenye njia yake, kufika adhuhuri limekunjamana. Machi ukiingia upepo hulegea, bahari inatulia, joto linazidi mpaka usiku nao haukupi nafuu. Mwisho wa mwezi huo au Aprili upepo hugeuka ukawa kusi na masika huja nao, na mwezi wa mvua nyingi zaidi kwetu ni Mei. Wazee walihesabu miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, yaani mwaka mpya wa kizamani wa pwani, maana Nairuzi hufuata jua. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, ndiyo sababu Ramadhani huzunguka misimu yote. Miaka hii imetuangukia ndani ya joto: ile ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, ya 2026 ikasogea Februari. Kuchimba mashimo umefunga, katika jua hilo, si mchezo. Mpango wetu nyumbani ukawa kushika jembe baada ya swala ya alfajiri mpaka jua lipate nguvu, saa mbili na nusu hivi, halafu basi. Baada ya laasiri ni kumwagilia na kuokota tu. Mfungo uliisha, ratiba ikabaki, na sijaona sababu ya kuibadilisha.

Dalili ya mvua ni mawingu, husema wenyewe, lakini mawingu ya Malindi mwezi wa Machi ni waongo wakubwa. Yanajikusanya juu ya bahari jioni, yanang'uruma, yanakufanya utoe nguo kwenye kamba, kisha yanakwenda kunyesha baharini huko huko. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Machi, Aprili na Mei kabla msimu haujaanza, nami nausikiliza kwa makini kwa sababu unanisaidia kuchagua mbegu. Kazi za Februari, hata hivyo, nazifanya utabiri uwe mzuri au mbaya. Ukame wa 2020 hadi 2022 ndio ulionishikisha hilo. Mvua zilikuja kidogo, zikakata, zikaja tena kidogo, na shambani kwangu kilichosimama ni kile tu kilichokuwa kimefunikwa ardhi yake.

Naanza na mbolea. Wakati huu samadi ya mbuzi imekauka, ni nyepesi, na wenye mazizi huko Kakuyuni na Goshi wanataka kuyasafisha kabla mvua haijayageuza matope. Gunia kavu mtu mmoja analitupia kwenye tuktuk. Likishalowa, wawili wanalia nalo. Bei nayo hupanda siku watu wote wanapokumbuka mbolea kwa pamoja, yaani siku ya mvua ya kwanza. Ila samadi mbichi haifai kwenda shambani moja kwa moja. Inaunguza mizizi, na imejaa mbegu za magugu, kwa maana mbuzi hula kila kitu. Naichanganya na majani makavu, maganda ya ndizi, chicha za nazi na mabaki ya jikoni, nalowesha kwa maji tuliyooshea mchele na mboga, nafunika kwa makuti. Kila baada ya wiki moja au mbili nageuza. Ukitia mkono ndani ukasikia joto, ujue inaiva. Ikinuka mkojo bado. Ikinuka udongo wa msituni baada ya mvua, imekuwa.

Kugeuza kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Ndani ya fungu la mbolea, na ndani ya magogo ya minazi yaliyooza, ndimo anamotaga yule mdudu mweusi mwenye pembe puani, anayetoboa kilele cha mnazi usiku na kufanya makuti mapya yachanue yakiwa yamekatwa mikato ya pembe tatu pande zote mbili. Funza wake ni mnene kuliko kidole gumba, mweupe wa maziwa, kichwa cha kahawia, amejikunja mkia unaelekea kichwa. Ngozi ya tumbo lake nyuma ni nyembamba mpaka unaona weusi wa uchafu aliokula. Ukipiga uma akabiringika nje, hujinyonganyonga polepole juani, hana haraka ya kwenda popote. Kuku wangu wanaijua sauti ya uma. Nikianza tu, wanatoka mbio chini ya mwembe, jogoo mbele, na hakuna funza anayewahi kujificha. Magogo ya minazi iliyokufa nayo siyaachi yalale: nayapasua kuni, na sehemu iliyooza naisambaza juani kuku wamalize hesabu. Ukifanya hivyo wenye minazi michanga karibu nawe watakuombea dua bila wewe kujua.

Mnazi wenyewe wakati huu unataka mambo mawili. La kwanza ni usafi wa kilele. Makuti makavu, makarara ya zamani na vidaka vilivyonasa hutolewa, na mkwezi akiwa juu anatazama kama kuna tundu la mdudu. Nasisitiza makavu. Wako wakwezi ambao, ili kazi ionekane imefanyika, hukata na mabichi, mnazi ukabaki na kishungi cha majani machache juu. Kuti bichi ndilo linalolisha nazi zilizo kwapani mwake. Ukilikata umekata na nazi za mwakani. Siku hizi namlipa mkwezi wangu baada ya kuyakagua makuti yaliyoanguka chini, na yeye anajua.

La pili ni makumbi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sijaona kitu kilichobadilisha shamba langu kuliko makumbi. Watu hufua nazi na kuacha makumbi yarundikane uani mpaka yawe makazi ya nge, au wanayachoma. Wakati kumbi likilowa hunyonya maji mengi na kuyaachia kidogo kidogo. Nachimba mtaro wa mviringo kuuzunguka mnazi, hatua mbili hivi kutoka kwenye shina, kina cha futi moja na nusu. Napanga makumbi humo, upande wa ndani ukitazama juu ili upokee maji, natia samadi iliyoiva juu yake, napanga safu ya pili, nafukia. Kabla ya kufukia, ukipata ndoo chache za maji ya kuyaloweka, mvua ya kwanza haitapotea bure kulainisha ukavu wake. Ni kazi ya kuchosha mgongo, kwa hiyo nafanya minazi michache kila mwaka. Kumbi hukaa ardhini miaka kadhaa kabla halijaoza lote, kwa hiyo ukiumaliza mnazi mmoja hutaurudia karibuni.

Jirani yangu, mzee wa Kigiriama aliyenizidi umri kwa mbali, alinikuta katikati ya kazi hiyo.

"Mwanangu, unazika nini?"

"Makumbi, mzee."

"Kwani yamekufa?"

Tulicheka sana. Mwaka uliofuata alikuja na mkokoteni kuomba yaliyobaki, na hakutaja mazishi.

Mashimo ya miti mipya nayo ni ya sasa. Kwa mwembe, mdimu au mchungwa, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana zinatosha. Mnazi nauchimbia futi tatu, na kutoka mnazi mmoja hadi mwingine naacha mita tisa. Wenye viwanja vidogo hawapendi kusikia hizo mita tisa. Wanabana, na baada ya miaka minazi inapinda kugombea jua, nazi zinapungua, na hakuna wa kumlaumu. Udongo wa juu nauweka upande mmoja wa shimo, wa chini upande mwingine, kwa kuwa wa juu ndio wenye uhai kidogo katika mchanga wetu. Shimo likikaa wazi wiki mbili tatu jua linaingia mpaka chini, na mchwa kama wapo wanajionyesha mapema. Kisha narudisha udongo wa juu niliouchanganya na mbolea iliyoiva, debe mbili hivi kwa shimo, nauacha utitie wenyewe. Ukichimba siku hiyo hiyo ya kupanda, ardhi hutitia mche ukiwa tayari ndani, na baada ya mvua kubwa unaukuta shingo imezama na maji yamesimama kwenye shina. Shimo lililo wazi nalifunika kwa kuti, maana mbuzi na watoto wote hupita njia moja.

Miembe inakuwa imemaliza msimu mkubwa. Ngowe za mwisho, boribo za mwisho, zinaanguka zenyewe usiku na asubuhi nzi wameshafika. Mwembe si waridi: hata kiangazi una mizizi ya kwenda mbali na majani mazito, kwa hiyo kuupogoa baada ya kuvuna hakunisumbui. Naondoa matawi makavu, yanayosuguana na yanayorudi ndani. Sitoi zaidi ya robo ya kichwa cha mti kwa mwaka mmoja. Nataka upepo upite katikati yake masika yakija, kwa maana unyevu uliofungwa ndani ya majani ndio unaoleta madoa meusi kwenye maua na matunda. Sehemu ya shina iliyokuwa kivulini na sasa imefunuliwa, naipaka chokaa ili jua lisiipasue. Chokaa kwetu si shida.

Maembe yaliyoanguka ndiyo kazi ambayo wengi huiacha, nami naona ni kubwa kuliko kupogoa. Kuna nzi wa matunda kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mara ya kwanza 2003, na tangu hapo mwembe wa pwani haujapumzika. Jike hutaga ndani ya ngozi ya embe. Funza hula nyama, embe huanguka, funza hutoka na kuingia ardhini, akageuka humo, akatoka nzi mwingine. Ukiliacha embe bovu chini ya mti umemfugia. Zamani tulikusanya kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuifunga juani. Mifuko ilipopigwa marufuku 2017 nikahamia kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana. Naliweka penye jua kali, na baada ya siku kadhaa ndani hakuna kinachotambaa. Asiye na pipa achimbe shimo la futi mbili azike. Lakini afanye kila jioni, asisubiri Jumamosi.

Sasa kuchoma. Najua hapa nitagombana na watu, tena wengine nawaheshimu. Februari na Machi ukisimama mahali palipoinuka utaona moshi kila upande, watu wanafyeka na kutia moto. Wana sababu zao: ni rahisi, nyoka wanakimbia, majivu nayo yana faida. Kwenye udongo mzito pengine ningenyamaza. Kwenye mchanga, majani makavu ndiyo mali pekee uliyonayo ya kushika maji, na wewe unaigeuza moshi. Majivu yanayobaki hupeperushwa na kaskazi, au mvua ya kwanza inayazamisha chini ya mizizi. Halafu kuna paa za makuti. Cheche moja, upepo ule, na jiko la mtu limekwisha; nimeshuhudia jiko likiungua huku ndoo za maji bado ziko njiani. Mimi nafyeka na kulaza papo hapo. Miiba tu ndiyo naichoma, ndani ya shimo, alfajiri kabla upepo haujaamka.

Matandazo hayo yana masharti. Yasiguse shina la mti, acha nafasi ya shibiri mbili, la sivyo mchwa watapandia humo. Na kabla ya kutia mkono kwenye fungu lolote la majani makavu, ligonge kwa fimbo kwanza ungoje. Sitaeleza kwa nini.

Maji ya visima vyetu nayo yana msimu wake. Kaskazi ikifika mwisho kisima kinashuka, na kile kilicho karibu na bahari kinazidi munyu. Kule kwenye nyumba ya ufukweni nilijifunza kusoma majani: kingo zinaanza kuwa za kahawia, zinakauka kwenda ndani, na ukingo wa vyungu vya maua unaota utando mweupe wa chumvi. Maharagwe na mdimu hulalamika kwanza. Mnazi haujali. Kwa hiyo maji matamu, yawe ya mfereji yanayotoka Baricho au yaliyobaki kwenye tangi kutoka vuli, nayawekea miche peke yake, na kisima kinanywesha vinavyovumilia. Wakati huo huo nasafisha mifereji ya bati na tangi lenyewe. Watu wa Lamu na visiwa vyake walijenga majabia ya kukusanyia maji ya mvua. Sisi wa bara yake tuna bati juu ya kichwa na bado tunaacha maji yamwagike uani.

Kitalu kinaanza mwisho wa Februari. Nasia biringani, pilipili na sukuma wiki, ili miche iwe na wiki sita hivi masika yakishika. Hapa kalenda ya Italia na yangu zinakutana kwa kinyume: wao wanaiingiza miche ndani kwa kuogopa baridi, mimi naiwekea paa la kuti kwa kuogopa jua. Paa liwe na kimo cha kiunoni, liinamie magharibi, asubuhi jua la upande liingie. Kadiri siku za kuhamisha zinavyokaribia naondoa kuti moja moja mpaka miche izoee. Nyanya sisii wakati huu. Masika yakiipata nyanya ya kupandwa wazi, bakajani huimaliza, majani yanageuka meusi kwa siku chache tu. Nyanya nazisubirisha mpaka mvua itulie, Julai hivi, baridi ya kusi ikiwa imeingia, nazo hunilipa vizuri zaidi kwa kuwa sokoni nyingi zimeshaoza.

Muhogo uliokomaa nauvuna sasa, kabla mvua haijauamsha na kuufanya uwe maji mdomoni. Miti yake ya kupanda naichagua kwenye mashina yasiyo na majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano, naisimamisha kivulini chini ya mwembe, naikata vipande siku ya kupanda yenyewe. Kila shina la mgomba nalibakishia mama, mwana na mjukuu. Wengine wote ni kelele. Jembe linaingia kwenye ndoo ya maji usiku mpini uvimbe usitoke, panga linapitishwa tupa.

Mbegu ndiyo sehemu ya mwisho. Kunde na pojo nilizohifadhi na majivu nazichekecha, zenye matundu zinakwenda kwa kuku. Mahindi nimepanda ya kienyeji na nimepanda zile mbegu za Pwani zilizotengenezwa kwa joto letu, PH1 na PH4. Zote nina maneno yangu juu yake. Mahindi ya kienyeji kwenye dari ya jikoni, moshi ukiyapita, hayaliwi na wadudu upesi, na ugali wake mke wangu hataki mwingine. Ya dukani hukomaa mapema, na katika mwaka wa mvua fupi hilo ndilo la maana. Yoyote utakayochukua, ijaribu: punje kumi kwenye kitambaa kibichi, kifunge, kiweke mahali penye joto, kifungue baada ya siku nne au tano. Zikiota nane, panda. Zikiota tano, ongeza punje kwa kila shimo au tafuta mbegu nyingine. Majani ya mwarobaini nayaweka karibu kabisa, kwani viwavijeshi vilivyoingia nchini 2017 havingoji uvikaribishe. Nayatwanga, nayaloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni kidogo na kunyunyiza kwenye moyo wa mhindi ungali mchanga, jioni.

Linabaki swali la siku ya kupanda, na juu ya hilo mimi na yule mzee hatujapatana. Yeye hupanda kwenye vumbi mwisho wa Machi, kabla tone halijaanguka, ili mvua ya kwanza iikute mbegu ardhini. Mimi hungoja. Mvua ikinyesha nachimba kwa mkono, na unyevu usipofika kina cha kiganja na kifundo chake, narudi nyumbani. Mvua ya kwanza Malindi ina tabia ya kuja siku moja na kukata wiki mbili. Mbegu inachipuka kwa tamaa, inakufa kwa kiu, na zile zisizochipuka zinafukuliwa na kwale na kuku wa watu.

"Unaogopa kupoteza punje mbili," huniambia.

"Punje za mwaka huu zimenunuliwa, mzee."

"Na muda umenunua wapi?"

Mwaka jana alikula mahindi ya kuchoma kwake wakati yangu ndiyo kwanza yanatoa ndevu, na alinitumia mjukuu wake na mawili, ili nisisahau. Mwaka wa nyuma yake alipanda mara mbili. Mwaka huu nimeligawa shamba. Ile sehemu ya chini, karibu na bonde, ambako udongo ni mzito kidogo na unyevu hukawia, nitapanda kwenye vumbi siku yake anayopanda yeye. Huku juu penye mchanga nitangoja mvua ya pili, na pojo zitakuja wiki mbili baada ya mahindi.